Mwongozo kamili: Ziara ya sauti kwa simu katika makumbusho madogo ya Nairobi

Wahifadhi wa makumbusho madogo hapa Nairobi huniuliza swali moja kila mara: "Tulibandika misimbo ya QR kila mahali, mbona wageni hawaitumii?" Misimbo hiyo ni zile alama za vijiraba vyeusi na vyeupe ambazo kamera ya simu huzisoma na kufungua ukurasa wa intaneti. Wengine wamejaribu mara mbili, mara tatu. Msimbo hausomeki, ukurasa hauishi kuzunguka, sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Mgeni anairudisha simu mfukoni na kupita.

Mwongozo huu ni wa kazi hiyo moja: vituo vinane hadi kumi, kila kimoja na simulizi ya Kiswahili ya dakika moja na nusu, ambayo mgeni anaisikiliza kwa simu yake bila kupakua programu yoyote. Miwani ya uhalisia pepe na skrini kubwa za kugusa ziache kwanza. Hizo zinataka fundi wa karibu na pesa za matengenezo kila mwaka, na makumbusho mengi madogo hayana hata kimoja.

## Vinavyohitajika

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Wengi hukwama katikati kwa sababu walianza na stika za misimbo.

- Simu mbili za majaribio. Moja iwe ya bei ya chini kabisa utakayoipata Luthuli Avenue, kwa maana wageni wengi huja na simu za aina hiyo.
- Laini za mitandao tofauti, angalau mbili.
- Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, au simu yenye kinasa sauti kizuri.
- Kompyuta yenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti.
- Anwani ya intaneti ambayo ni mali ya makumbusho yenu, ikiwezekana inayoishia na .ke, pamoja na nafasi ya kuhifadhi kurasa.
- Mchapishaji anayeweza kulamineti kwa plastiki isiyong'aa.
- Spika ndogo ya kubebeka. Sababu yake utaiona katika hatua ya nane.
- Rula, daftari, na mtu mmoja mwenye jina na zamu atakayeitunza kazi hii ikishaisha.

Huyo mtu wa mwisho ndiye muhimu kuliko vyote. Kama hayupo, mtafuteni kwanza.

## Hatua ya 1: Fuata wageni, usifuate orodha ya vitu

Kwa siku tatu, keti ndani ya ukumbi ukiwa na daftari. Andika wageni wanasimama wapi, kwa muda gani, na wanaulizana nini. Fanya hivyo siku ya shule, siku ya kawaida na Jumamosi, kwa sababu hao ni wageni watatu tofauti.

Sababu ni hii: mhifadhi huchagua kitu kilicho adimu, ilhali mgeni husimama penye kitu kinachomzulia swali. Simulizi inafaa pale ambapo swali tayari lipo mdomoni. Pale Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, hakuna haja ya kumshawishi mtoto asimame mbele ya sanamu ya ndovu Ahmed. Tayari amesimama, na anauliza kama huyu alikuwa ndovu wa kweli. Kituo chako kinaanzia hapo.

Umefaulu ukiwa na orodha ya vituo visivyozidi kumi, na kando ya kila kimoja umeandika swali halisi ulilolisikia kwa masikio yako.

## Hatua ya 2: Pima mtandao penye kitu chenyewe

Usiupime ofisini. Nenda usimame mbele ya kila kituo na simu zako, ufungue ukurasa wowote wenye picha, na uhesabu sekunde. Rudia kwa kila laini. Kuta nene za mawe huupunguza mtandao, na mwili wa chuma huupunguza zaidi; ndani ya behewa kama yale ya Makumbusho ya Reli, simu iliyokuwa na nguvu nje inaweza kubaki na mstari mmoja.

Ukurasa ukifunguka ndani ya sekunde tano katika vituo vingi, tumia intaneti ya kawaida. Usipofunguka, una njia mbili. Ya kwanza ni kuusogeza msimbo hadi mlangoni, ambapo mtandao upo, ili mgeni afungue simulizi kabla ya kuingia. Ya pili ni kutengeneza mtandao wa ndani, ambao nimeueleza baada ya hatua ya 9. Jaribu ya kwanza kabla ya ya pili. Ni rahisi mno kiasi kwamba watu huisahau.

## Hatua ya 3: Andika maneno ya kusikilizwa

Hapa ndipo kazi nyingi hufa, na hapa ndipo ningependa utumie nusu ya muda wako wote.

Kosa la kawaida ni kuchukua maelezo ya ukutani na kuyasoma kwenye maikrofoni. Maelezo ya ukutani yaliandikwa kwa jicho, na jicho linaweza kurudi nyuma. Sikio haliwezi. Mgeni akipotea katika sentensi ya pili, hatazisikia zile kumi zinazofuata.

Kosa jingine ni kuandika Kiingereza kwanza, kisha kutafsiri. Kiswahili kinachotoka hapo kina harufu ya ofisi. Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mgeni kutoka Kayole au Kawangware ana haki ya kusimuliwa mambo ya nchi yake kwa lugha anayoitumia akiwa ndani ya matatu. Mpe mtu anayejua kusimulia asimulie kwa mdomo, umrekodi, halafu uandike kutokana na ulichokisikia.

Kila kituo kiwe na maneno 150 hivi. Yakisomwa kwa utulivu, hayo hutoka kama dakika moja na nusu. Yapange hivi:

Anza kwa kuyaelekeza macho. Kisha jibu lile swali la daftarini. Kisha toa jambo moja, na liwe moja tu, ambalo mgeni hawezi kulijua kwa kuangalia. Maliza kwa kumrudisha kwenye kitu au kumwelekeza kituo kinachofuata.

Tazama mfano. Huu ni mwanzo mbaya:

"Sanamu hii ilitengenezwa ili kuhifadhi kumbukumbu ya ndovu maarufu aliyeishi katika eneo la kaskazini mwa nchi na ambaye alipewa ulinzi maalumu na serikali."

Na huu ndio wa kusikilizwa:

"Simama mbele yake, karibu na kichwa. Sasa zitazame pembe, uzifuate kwa macho kuanzia mdomoni mpaka nchani. Huyu ni Ahmed, ndovu wa Marsabit. Ndiyo, aliishi. Unayemwona hapa ni sanamu yenye ukubwa wake halisi. Pembe hizo ndizo zilizomletea umaarufu, na hizohizo ndizo zingemletea risasi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda, na alilindwa mpaka alipokufa mwaka 1974."

Sentensi ni fupi. Miaka ni miwili tu. Na mgeni ameshaangalia pembe kabla ya kuambiwa chochote.

Vitu vya kale sana vinahitaji uangalifu zaidi, kwa maana namba kubwa hupita masikioni kama upepo. Kwa Mvulana wa Turkana, yaani mifupa ya kijana wa kale, usianze na umri wa miaka milioni moja na nusu. Anza na Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa akitembea magharibi mwa Ziwa Turkana mwaka 1984 na kuona kipande kidogo cha fuvu ambacho mtu mwingine angekikanyaga. Mgeni anaweza kujiona akitembea. Ukishampata hapo, umri wa mifupa utamshtua ipasavyo.

Tahadhari mbili. Kama kitu ni cha ibada, cha mazishi au cha jandoni, usiandike chochote kabla ya kuketi na wazee wa jamii husika. Wanaweza kukuambia usilieleze jambo fulani hadharani, na ni lazima ulikubali hilo. Pili, usitie neno la kitaalamu bila kulifungua palepale. "Visukuku" ni neno zuri, lakini sema "visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe" mara ya kwanza.

Utajua umefaulu hivi: msomee mtu ambaye hajakiona kitu hicho, kisha umwombe akusimulie. Akikumbuka mambo mawili, maandishi yako yako tayari. Akisema "ni nzuri" bila kukumbuka lolote, andika upya.

## Hatua ya 4: Rekodi

Usirekodi katika ukumbi wa maonyesho. Kuta tupu na sakafu ngumu hurudisha mwangwi, na mwangwi hauondoki vizuri kwa programu yoyote. Tafuta chumba kidogo chenye mapazia, nguo au magodoro. Zima friji na feni. Rekodi asubuhi mapema, kabla ya honi za Uhuru Highway.

Maikrofoni iwe kiganja kimoja kutoka mdomoni, kando kidogo, ili "p" na "b" zisipige kishindo. Mwanzoni rekodi sekunde kumi za ukimya. Audacity huzitumia kuutambua mvumo wa chumba na kuupunguza. Msomaji asome akiwa amesimama.

Msomaji bora si lazima awe mtangazaji. Katika kazi niliyoipenda kuliko zote, sauti ilikuwa ya mama aliyefagia ukumbi huo kwa miaka mingi, na ambaye wageni walikuwa wakimwendea na maswali hata kabla ya mhifadhi. Anavijua vile vitu. Inasikika.

Sikiliza rekodi kwa spika ya ile simu ya bei ya chini, ukiwa umesimama pembeni mwa barabara. Maneno yote yakisikika hapo, yatasikika ukumbini.

## Hatua ya 5: Punguza uzito wa faili

Mgeni anakuja na bando lake, na bando ni pesa. Hesabu ni hii: sauti ghafi ya njia moja (mono), ya sekunde 90, ina uzito wa karibu megabaiti 8. Ukiitoa kama MP3 ya njia moja kwa kilobiti 64 kwa sekunde, inakuwa takriban kilobaiti 720. Yaani ziara nzima ya vituo kumi, ikipunguzwa, ni nyepesi kuliko kituo kimoja kikiachwa ghafi.

Katika Audacity, badilisha sauti iwe ya njia moja, sawazisha ukubwa wa sauti katika vituo vyote, kisha uitoe. Usiache kituo kimoja kikinong'ona na kingine kikipiga kelele. Hifadhi zile ghafi mahali pengine salama. Siku ya kurekebisha utazihitaji.

## Hatua ya 6: Ukurasa mmoja kwa kila kituo

Kila ukurasa uwe na jina la kitu, kitufe kikubwa kilichoandikwa "Sikiliza", maandishi kamili ya simulizi, na picha moja ndogo isiyozidi kilobaiti 60. Basi. Usiweke historia ya makumbusho, nembo za wafadhili, wala dirisha la kuomba barua pepe. Ukurasa na sauti vikijumlishwa visifike megabaiti moja.

Kwa nini kitufe? Vivinjari vingi vya simu, yaani programu za kufungulia kurasa, huzuia sauti kuanza yenyewe. Wengi hutega sauti ianze ukurasa unapofunguka, hawaisikii, wakadhani faili limeharibika.

Maandishi kamili yapo kwa ajili ya wageni viziwi, na kwa mtu yeyote aliye katikati ya kelele. Kama mna video ya Lugha ya Ishara ya Kenya, iweke kwa kiungo chake peke yake, na uandike uzito wake kando ili mgeni aamue. Rangi ziwe maandishi meusi juu ya nyeupe.

## Hatua ya 7: Tengeneza msimbo usiokufa

Nitasema wazi kilichotokea. Kuna makumbusho madogo nilikosaidia kuweka vituo tisa. Aliyetengeneza misimbo alitumia tovuti ya bure. Siku ya uzinduzi kila kitu kilifanya kazi. Baada ya majuma mawili ikaja shule, mwalimu akaelekeza simu, na badala ya simulizi akaonyeshwa tangazo la kulipia. Misimbo ile haikuwa na anwani yetu ndani yake. Ilikuwa na anwani ya tovuti ile, nayo muda wa bure ukiisha huufunga mlango. Stika zote tisa zikang'olewa.

Kwa hiyo msimbo wako uwe wa kudumu, wenye anwani yako mwenyewe ndani yake. Kuhakikisha, uskani na usome anwani inayotokea kabla hujaifungua. Kama si yenu, usiuchapishe.

Anwani iwe fupi. Ikiwa na herufi 26 au pungufu, ukihesabu na https:// ya mwanzo, msimbo wa kiwango cha kati cha kusahihisha makosa (uwezo wa kusomeka hata sehemu yake ikichafuka) hutosha kwa vijiraba 25 kwa 25. Anwani ya herufi 100 huhitaji vijiraba 41 kwa 41. Katika stika ya sentimita 5, kijiraba cha kwanza ni milimita 2 na cha pili ni milimita 1.2 tu. Kamera hafifu huona tofauti hiyo.

Acha nafasi nyeupe yenye upana wa vijiraba vinne kuzunguka msimbo wote. Mchapishaji wa River Road atataka kuijaza kwa fremu ya maua. Mkataze kwa upole. Usigeuze rangi kuwa nyeupe juu ya nyeusi, na usiweke nembo katikati.

Chini ya msimbo chapisha namba kubwa ya kituo na anwani yenyewe, kwa ajili ya simu ambayo kamera yake imepasuka.

## Hatua ya 8: Kuweka, na wasio na simu

Kanuni ya ukubwa: umbali wa kusomea ukigawanywa kwa kumi. Mgeni anayesimama sentimita 50 anahitaji msimbo wa sentimita 5. Uweke kimo cha mita 1.2 hivi, ili mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu waufikie. Usiuweke ndani ya kabati la kioo, kwa sababu mng'ao wa taa humeza vijiraba.

Nguo za kale na nyaraka huwekwa katika mwanga hafifu, karibu luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na kamera hupata shida hapo. Usiongeze taa hata kidogo. Sogeza msimbo upande wenye mwanga wa kawaida. Ukiuacha gizani, mgeni atawasha tochi ya simu, na tochi hiyo itamulika kitu unachokilinda.

Juu ya msimbo andika maneno ya kawaida: "Elekeza kamera hapa usikilize. Dakika moja na nusu, chini ya MB 1." Mgeni anataka kujua gharama kabla ya kukubali.

Sasa wanafunzi. Basi la shule likifika lina watoto hamsini wasio na simu, kwa maana shule nyingi haziruhusu. Ukisahau hili, umewajengea ziara wageni wachache na kuwaacha wengi. Ile spika ndogo ndiyo dawa: mpe mwalimu, aiunganishe na simu yake, kundi lisikilize pamoja kituo kwa kituo. Mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, naye apewe kijitabu chenye maandishi yaleyale na namba zilezile.

## Hatua ya 9: Jaribu na wageni watano, ukiwa umenyamaza

Chukua watu watano ambao hawajawahi kufika. Mmoja awe mzee, mmoja awe na simu iliyopasuka. Waambie tu: "Karibuni, tembeeni." Usiwaonyeshe msimbo. Ukisaidia hata mara moja, umelipoteza jaribio.

Andika mambo matatu: nani aliuona msimbo bila kuambiwa, nani alifika mpaka sauti ikaanza, na nani aliinua macho kuangalia kitu wakati sauti inaendelea. La tatu ndilo kipimo changu. Mgeni aliyesikiliza akiitazama skrini amepata redio. Akiinua macho, akasogea, akainama kuangalia ulichomtajia, simulizi imefanya kazi yake.

Watatu wakikwama mahali pamoja, rekebisha hapo, kisha tafuta watu wengine watano.

## Kama intaneti haifiki: kisanduku cha ndani

Kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi inaweza kubeba kurasa zote na kutoa Wi-Fi yake yenyewe, bila intaneti wala bando la mgeni. Iunge na betri ya akiba, ili stima ikipotea ziara iendelee.

Hapa wengi hushindwa kwa sababu moja. Simu ikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti, huiacha kimyakimya na kurudi kwenye data, na ukurasa haufunguki. Kwa hiyo weka misimbo miwili mlangoni, ya kwanza ya kuunga Wi-Fi, ya pili ya kufungua ukurasa, na uandike katikati yake: "Simu ikiuliza kama ubaki bila intaneti, kubali. Ikikataa, zima data." Askari wa mlangoni afundishwe maneno hayo pia. Jaribu kwa simu nyingi kwa wakati mmoja, si moja.

## Hatua ya 10: Utunzaji wa kila Jumatatu

Mtu wenu wa zamu apite kila Jumatatu kabla ya kufungua, askani kila kituo na kusikiliza sekunde kumi za mwanzo. Aguse kila stika kwa kidole: walaghai hubandika misimbo yao juu ya ya wengine ili kuiba pesa, na stika ya pili husikika kwa kidole kabla ya kuonekana kwa jicho.

Tarehe ya kulipia upya anwani ya intaneti iandikwe ukutani ofisini, na ukumbusho uwe kwenye simu za watu wawili. Anwani ikikatika, vituo vyote hufa siku moja.

Hesabu ni mara ngapi kila ukurasa umefunguliwa, lakini usikusanye majina wala namba za simu. Ziara haizihitaji, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutwika wajibu kwa kila taarifa ya mtu unayoihifadhi. Ukitaka kurekodi sauti ya mtoto kwa ajili ya kituo, pata kwanza idhini ya mzazi au mlezi kwa maandishi.

Kila baada ya miezi mitatu angalia kituo kilichofunguliwa mara chache kuliko vyote. Nenda usimame pale. Mara nyingi utakuta kiti kimewekwa mbele ya msimbo, au balbu iliyoungua. Kama hakuna kizuizi, rudi hatua ya 3 na uandike simulizi hiyo upya.